Andika Mara Moja, Funga Machache

Hotuba kwa mafundi na wasimamizi wa kompyuta wa ofisi za magharibi mwa Kenya, iliyotolewa Kisumu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, wenzangu mliotoka Kakamega, Busia, Siaya, Homa Bay na Kisii, nanyi mliopanda matatu alfajiri kutoka Nakuru ili mwahi hapa: hamjambo nyote. Itifaki imezingatiwa.

Nimepewa saa moja nizungumzie mipangilio ya kompyuta za ofisi na jinsi ya kuisimamia yote kutoka mahali pamoja. Najua wapo waliokuja kwa ajili ya vitufe. Vitufe tutavibonyeza baadaye; zile mashine tatu pale mezani zimeletwa kwa kazi hiyo. Kwanza nataka tuongee kuhusu kinachotangulia vitufe: nani anaamua kompyuta ya mfanyakazi iweje, na uamuzi huo ukishatolewa unahifadhiwa wapi.

Katika ofisi nyingi nilizopitia, unahifadhiwa kichwani mwa fundi. Anwani ya printa ya ghorofa ya pili iko kichwani mwake. Sababu ya mashine ya mhasibu kuwekewa vizuizi ambavyo nyingine hazina, nayo iko kichwani mwake. Fundi huyo akipata kazi Nairobi, ofisi inabaki na kompyuta arobaini ambazo hakuna ajuaye zilipangwaje wala kwa nini. Baadhi yenu mlirithi ofisi za namna hiyo, na mnajua mlivyokesha.

Nilipoanza kazi Nakuru nilikabidhiwa mashine 64 katika ghorofa tatu. Mkuu wetu akatoa agizo fupi: skrini zijifunge zenyewe baada ya dakika tano, na flashi ikichomekwa isijiendeshe. Ni agizo la pumzi moja. Kulitekeleza kulinichukua siku nne. Nilikuwa na daftari, flashi mfukoni, na maneno yaleyale kila mezani: "Samahani mama, naomba kiti chako dakika tatu." Kuna aliyekuwa na mteja mbele yake, kuna aliyekuwa kwenye simu, kuna aliyeniambia nirudi baada ya chakula cha mchana, nikarudi nikakuta amekwenda benki. Mashine ya 64 ilikuwa masijala. Mlango umefungwa, mwenye ufunguo yuko likizo kwao Molo. Nikaandika "masijala bado," nikafungua ukurasa mwingine.

Sikurudi masijala. Miezi miwili baadaye kikaingia kile kirusi mnachokijua nyote, kinachoficha folda za watu na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Kiliingilia masijala, kwenye mashine niliyoiruka. Na kwa kuwa masijala ndiko barua zote hupitia, flashi iliyotoka pale ilizunguka ghorofa zote tatu. Mtu anaona folda anayoijua, anaibofya, kumbe yeye mwenyewe ndiye anayekiendesha. Tulipoteza barua za miezi kadhaa ambazo hazikuwa na nakala.

Kamba hukatikia pembamba. Kazi ya mashine 63 ilikuwa imefanywa sawasawa na haikutufaa, kwa sababu njia niliyoitumia, ya miguu na daftari, haina namna ya kukumbuka mlango uliofungwa.

Wala si sisi wadogo tu. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani ndani ya saa chache, na huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa na hata upasuaji. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la Windows ambalo kirusi hicho kilipitia, kilikuwa kimetolewa na Microsoft tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Hesabuni: siku 59. Dawa ilikuwepo kwa siku 59. Kilichokosekana ni mkono wa kuifikisha kwenye kila mashine, na wa kumwambia msimamizi ni zipi hazijafikiwa. Ninapowazungumzia usimamizi wa pamoja, huo ndio mkono ninaouzungumzia.

Sasa tuingie ndani. Ofisi zetu nyingi zinatumia Windows, kwa hiyo nitaanzia hapo. Windows 2000 ilikuja na vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Cha kwanza ni Active Directory, daftari kuu la watumiaji na mashine zote za ofisi. Cha pili ni Group Policy, maagizo yanayotolewa kwa kufuata daftari hilo. Mashine ikijiunga na domeni, yaani kundi la mashine na watumiaji walioandikwa katika daftari hilo, inakuwa mwanachama. Kila inapowashwa huiendea seva kuu na kuuliza: kuna maagizo gani kwangu? Mtu akiweka jina na nywila yake, inauliza tena: na kwa huyu je? Maagizo yenyewe hukaa katika folda moja ya seva iitwayo SYSVOL, ambayo kila mwenye akaunti katika domeni anaweza kuisoma. Hilo la kila mtu kuweza kuisoma liwekeni akiba, nitalirudia.

Tazameni safari inavyokwenda. Seva haizungukii mashine. Mashine ndizo zinazoiendea seva. Mlango wa masijala ukiwa umefungwa mwezi mzima, siku utakapofunguliwa na mashine ikawashwa, itakwenda yenyewe kuuliza imepitwa na nini. Hilo peke yake lingeniokoa.

Baada ya kuwashwa, mashine hurudi kuuliza kila baada ya dakika 90, na juu ya hizo 90 huongeza muda wa kubahatisha usiozidi dakika 30. Kwa nini ubahatishwe? Kwa sababu ofisi hufunguliwa saa mbili na mashine zote huwashwa kwa mkupuo. Kama zingerudi zote dakika ileile, seva ingekuwa kama stendi ya Kisumu siku ya kufunga shule.

Maagizo huja kwa ngazi nne: ya mashine yenyewe, ya eneo, ya domeni nzima, halafu ya kitengo. Linalofika mwisho ndilo linaloshinda. Idara ya mikopo inaweza basi kutengua yaliyosemwa kwa ofisi nzima, isipokuwa agizo la juu liwe limetiwa muhuri wa kutotenguliwa. Na kitengo nacho kinaweza kuzibwa masikio kisisikie ya juu, ingawa muhuri hupenya hata masikio yaliyozibwa. Mimi nawasihi mvitumie viwili hivyo kwa nadra sana. Nimeingia katika ofisi yenye maagizo 70 yaliyoandikwa na mafundi watano waliopishana, kila mmoja amegonga muhuri wake juu ya ule wa mwenzake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nilipouliza kwa nini mashine za mapokezi hazioni printa, nilijibiwa, "Zimekuwa hivyo tangu zamani." Kuna amri inaitwa gpresult; iendesheni kwenye mashine inayosumbua na itawapa taarifa ya agizo gani limeshinda na limetoka wapi. Na kila agizo lipeni jina linalosema kazi yake, na katika sehemu ya maelezo muandike nani aliliomba, lini, kwa sababu gani. Maelezo hayo ndiyo yanayotoa uamuzi kichwani mwa fundi na kuufanya uwe wa ofisi.

Kuna jambo dogo hapa ambalo huwapotosha hata wazoefu. Zamani za Windows NT 4, agizo likishaondolewa alama yake ilibaki kwenye rejista ya mashine, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, kama chale. Group Policy iliponya hilo: maagizo yake halisi huandikwa mahali maalumu, na ukiyaondoa mashine inarudi ilivyokuwa. Lakini lile tawi lililoongezwa mwaka 2008, linaloitwa Preferences, ambalo tunalipenda kwa sababu linaweka printa na folda za pamoja kwa urahisi, lenyewe kwa kawaida huacha chale. Ukitaka kitu kiondoke pamoja na agizo, lazima useme hivyo tangu mwanzo. Mkiona printa iliyozikwa miaka mitatu iliyopita bado inaonekana kwenye mashine za watu, tazameni huko kwanza.

Niwasimulie sasa siku niliyoumiza watu.

Nilikuwa nimehamia hapa Kisumu, kwenye sacco ambayo sitaitaja, mashine 41, na domeni nilikuwa nimeisimika kwa mikono yangu. Ijumaa jioni nikabadilisha anwani ya proksi, ile seva ambayo vivinjari hupitia kwenda mtandaoni, kwa watumiaji wote. Mahali pa 10 nikaandika 19. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kwamba mtumiaji hana ruhusa ya kugusa proksi, nilikuwa nimefunga ukurasa wake. Nikazima taa, nikaenda nyumbani.

Jumatatu ilikuwa mwisho wa mwezi. Saa mbili asubuhi foleni ya wanachama ilitoka mlangoni ikafika langoni. Mashine zote 41 zikawashwa, zote zikaiendea seva kwa utiifu, zote zikapewa anwani ya mahali pasipo na kitu. Mfumo wetu wa akiba ulikuwa unafunguliwa kwa kivinjari kupitia proksi hiyo. Hakuna karani aliyeweza kufungua akaunti ya mwanachama hata mmoja. Kulikuwa na mama mmoja kwenye benchi, amekuja kutoka Ahero kuchukua karo, mtoto amerudishwa nyumbani. Alikuwa ameshika kitabu chake cha akiba kwa mikono miwili.

Kosa nililigundua upesi. Kulisahihisha kulichukua sekunde arobaini. Lakini mashine zilikuwa zimeshauliza, na zingeuliza tena baada ya dakika 90, nyingine hadi 120. Saa mbili nzima! Nikakimbia meza hadi meza kuandika kwa mkono gpupdate, amri ya kuifanya mashine iulize maagizo papo hapo, daftari lilelile la Nakuru likinirudia kwa sura nyingine. Sikuwa najua kwamba tangu Windows Server 2012 unaweza kuziamuru mashine kutoka kwa seva zije kuuliza sasa hivi, mradi umezifungulia njia kwenye ukuta wa ulinzi wa kila mashine. Fungueni njia hiyo kabla hamjaihitaji. Yule mama alihudumiwa saa nne na nusu.

Nguvu iliyoniwezesha kufika mashine 41 bila kunyanyuka kitini ndiyo iliyoniwezesha kuziharibu zote 41 bila kunyanyuka kitini. Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao sijauvunja. Agizo jipya huanza katika kitengo cha majaribio chenye mashine tatu: yangu, ya mwenzangu aliyekubali kwa hiari yake, na ile mbovu kuliko zote ofisini. Ya mbovu ni muhimu, kwa sababu yanayopita kwenye mashine nzuri hukwama pale. Siku mbili zikipita salama, linakwenda idara moja kwa wiki. Halafu kwingine. Sigusi chochote Ijumaa, wala siku tano za mwisho wa mwezi. Na kabla ya kubadilisha natoa nakala ya agizo la zamani, ili kurudi nyuma kusiwe kazi ya kukumbuka.

Lakini hata utaratibu huo haujibu swali kubwa, na hili ndilo nililosafiri nalo moyoni. Tukishapata uwezo wa kuamua kila kitu kwenye meza ya mtu, tuamue mangapi?

Wapo kati yenu wanaosimamia maabara za shule na vyuo zinazotumia Ubuntu au Linux nyingine (mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows) yenye GNOME, yaani sura ya madirisha na menyu zake. Nataka tujifunze kwao, hata sisi wa Windows, kwa sababu mfumo wao umeliweka swali hili wazi. Tangu GNOME 3 ya mwaka 2011, mipangilio hukaa katika kitu kiitwacho dconf. Mashine husoma kwanza kanzidata ya mtumiaji mwenyewe. Isipokuta kitu, husoma ya ofisi. Msimamizi anaandika faili la maandishi ya kawaida ndani ya /etc/dconf/db/local.d, kwa mfano kwamba skrini ijizime baada ya sekunde 300, kisha anaendesha amri ya dconf update. Hapo ametoa desturi ya ofisi: mgeni ataikuta hivyo, lakini akitaka kubadilisha meza yake anabadilisha. Akitaka iwe sharti, lazima aingie folda nyingine, locks, na kuandika humo jina la mpangilio huo. Sasa mtumiaji hawezi kuugusa. Faili hizo mbili mnaweza kuzisambaza kwa mashine zote za maabara kwa Ansible, programu ya kusambaza mipangilio, ambayo hupitia SSH, njia salama ya kuingia mashine kwa mbali, na haihitaji kusimikwa kwenye kila mashine.

Mmeona uzuri wake? Desturi ni folda moja, sharti ni folda nyingine. Huwezi kufunga kitu kwa bahati mbaya. Lazima usimame, uandike faili la pili, na katika kusimama huko dhamiri inapata nafasi ya kukuuliza: hili kweli walihitaji kufungiwa? Kwenye Windows tofauti hiyo ipo pia, maagizo halisi upande mmoja na Preferences upande mwingine, ila imejificha kwenye menyu, na fundi mwenye haraka hufunga kila kinachofungika kwa sababu kinafungika.

Mimi nilifanya hivyo. Katika sacco ileile nilifunga paneli yote ya mipangilio, kwa watu wote, mkuu na karani. Nikaona nimefanya kazi safi. Simu za "kompyuta yangu imebadilika rangi" ziliisha. Baada ya miezi kama mitano nikaitwa kuhusu printa ya hesabu, kwamba inamaliza wino na karatasi kupita kiasi. Nikaenda kuangalia ni nani anayechapisha. Ni mama mmoja mhasibu, aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, mtu makini ambaye hesabu zake hazikuwahi kupungua hata shilingi. Alikuwa anachapisha kila taarifa kabla ya kuisoma, kisha anaisoma karibu na dirisha kwa lenzi ya mkononi. Macho yalikuwa yameanza kumchosha. Zamani alikuwa anakuza herufi kwenye skrini. Siku nilipofunga paneli herufi zilirudi ndogo, na pa kuzikuza hapakuonekana tena.

Nikamuuliza, "Mama, mbona hukuniambia?" Akanijibu kwa upole, "Kijana wangu, nilidhani ofisi ndiyo iliyoamua."

Ofisi haikuwa imeamua chochote. Hakuna kikao kilichowahi kukaa kujadili ukubwa wa herufi za mhasibu. Ni mimi niliyebonyeza, peke yangu, nikiwa nimechoka simu, na yeye akaipokea kama sheria ya ofisi kwa sababu imetoka kwa mashine. Miezi mitano alikuwa anasoma kwa lenzi kwa ajili ya tiki moja yangu.

Siku hiyo nilipata kipimo ninachokitumia mpaka leo. Kabla ya kufunga mpangilio wowote najiuliza: mtu mmoja akiubadilisha huu, anayeumia ni nani? Kama ni yeye mwenyewe tu, ninauacha kuwa desturi. Kama ni mwanachama, mgonjwa, mwanafunzi, au mwenzake wa meza ya pili, ninaufunga. Skrini kujifunga naifanya sharti, kwa sababu akaunti iliyoachwa wazi ni ya mwanachama. Masasisho, kinga ya virusi na ukuta wa ulinzi, sharti. Haki ya kusimika programu, sharti. Flashi katika idara zenye taarifa za watu, sharti, na hapa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayomtaka anayeshika taarifa za watu achukue hatua za kiufundi na za kiutaratibu kuzilinda. Agizo lililoandikwa na kuhifadhiwa ni ushahidi wako kwamba ulichukua hatua. Lakini ukubwa wa herufi, rangi, vitufe vya mausi kwa anayetumia mkono wa kushoto, kasi ya kielekezi, lugha ya skrini (na Kiswahili kimo humo, kakitafuteni), picha ya mjukuu nyuma ya ikoni: hivyo ni vya mwenye meza. Tangu mwaka 2017 Windows 10 ina agizo la kuchagua kurasa zipi za mipangilio zionekane na zipi zifichwe, kwa hiyo hatuna tena kisingizio cha kufunga nyumba nzima ili kuzuia chumba kimoja.

Nimesema nitarudi kwenye SYSVOL. Fupi tu. Kulikuwa na njia katika Preferences ya kuweka nywila ya msimamizi kwenye mashine zote kwa agizo moja, na wengi wetu tuliifurahia. Nywila ilifichwa kwa usimbaji wa AES, lakini ufunguo wa kuufungua usimbaji huo ulikuwa umechapishwa na Microsoft wenyewe katika nyaraka zao. Na folda ile, kumbukeni, kila mwenye akaunti anaisoma. Mei 2014 wakatoa kiraka kinachozuia kuweka nywila mpya kwa njia hiyo, ila zilizokuwa zimeshawekwa hazikufutwa. Tafuteni neno cpassword ndani ya folda zenu mkirudi ofisini. Mkilikuta, hiyo nywila ihesabuni kuwa imeshajulikana, ibadilisheni popote ilipotumika, kisha mtumie LAPS, zana ya Microsoft inayoipa kila mashine nywila yake na kuibadilisha kila baada ya muda.

Nasikia mwenzetu wa nyuma anauliza kuhusu ofisi ndogo, ya mashine kumi au kumi na mbili, isiyo na fedha za leseni ya seva. Kuna programu ya bure iitwayo Samba; tangu toleo la 4.0, lililotoka Desemba 2012, inaweza kusimama kama seva kuu ya domeni bila malipo, na mashine za Windows hujiunga nayo kama kawaida. Inataka kusoma, lakini inawezekana kwenye kompyuta ya kawaida yenye diski nzuri. Tahadhari yangu ni ya dukani: laptopu nyingi zinazouzwa kwetu zina Windows toleo la Home, na Home haijiungi na domeni. Angalieni kabla ya kulipa, au mpige hesabu ya kupandisha toleo. Na kwa mashine za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kabla ya kuja kwetu, ambazo ndizo ofisi zetu nyingi zinazimudu, jueni kwamba Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi kati ya hizo hazikidhi masharti ya Windows 11. Ndiyo sababu nimewaomba wenzetu wa maabara za Ubuntu wakae safu ya mbele, mtawahitaji.

Mwingine ameuliza: tawi la Busia laini ikikatika je? Mashine inaendelea kushika maagizo ya mwisho iliyopewa, haisahau. Na mtu aliyewahi kuingia kwenye mashine hiyo ataingia tena bila seva, kwa sababu Windows huhifadhi kumbukumbu za watu 10 wa mwisho. Laini ikiwa hai lakini nyembamba, chini ya kilobiti 500 kwa sekunde, mashine itachukua maagizo ya usalama na kuacha mizigo mikubwa kama kusimika programu. Ndivyo inavyotakiwa. Kinachotakiwa kutoka kwenu ni seva ya pili, hata kama ni ndogo, iwe katika jengo lingine. Seva moja ndani ya kabati moja, juu ya mgongo wa stima zetu hizi, ni deni ambalo mtalilipa siku mbaya.

Na stima ndiyo inayonileta kwenye jambo la mwisho, ambalo ni dogo kiasi cha kudharauliwa na limenitoa jasho kuliko yote. Saa. Uanachama wa domeni unategemea Kerberos, utaratibu wa kuthibitisha kwamba mtu au mashine ndiye kweli, na Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya saa ya mashine na ya seva. Sasa chukueni mashine ya ex-UK ya miaka kumi. Betri yake ya ndani, ile ya CR2032 iliyo kama sarafu, imekufa zamani. Stima inapotea usiku, asubuhi mashine inawaka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa. Mfanyakazi anaandika nywila sahihi, anakataliwa. Anaandika tena, anakataliwa. Fundi anaitwa, anabadilisha nywila, bado. Nimeona mashine ikitolewa kwenye domeni na kurudishwa mara tatu kwa siku moja, na tatizo ni betri ya bei ya chai na mandazi.

Tutaanzia hapo. Ile mashine ya katikati mezani niliitoa betri jana jioni na kuichomoa ukutani usiku kucha. Saa yake sasa inadhani tuko Januari 2012. Sogeeni karibu, wa nyuma mlete viti. Nitaandika nywila ambayo ni sahihi, nanyi msome skrini inavyosema.